Duka la jumla na jedwali moja refu

SWALI: Natunza hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi huku Ngamiani, Tanga. Mauzo yote, ya taslimu na ya mkopo, yamo katika jedwali moja la Excel. Mteja mmoja ameandikwa kwa majina matatu, na tukipandisha bei ya saruji, deni la mwezi uliopita nalo linapanda! Nataka kujifunza kanzidata, yaani kuweka taarifa katika majedwali yanayohusiana. Ninunue programu gani?
Mtunza hesabu, Tanga

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Tatizo ni mpangilio, na fujo hiyo ukiihamisha kama ilivyo itakufuata hata kwenye programu ya mamilioni.

Chora majedwali matano kwenye karatasi. Wateja: namba, jina, simu, mtaa. Bidhaa: namba, jina, kipimo, bei ya leo. Ankara: namba, tarehe, namba ya mteja. Mistari ya ankara: namba ya ankara, namba ya bidhaa, idadi, bei iliyouzwa. Malipo: namba, tarehe, namba ya mteja, kiasi. Namba ya mteja ndiyo ufunguo mkuu wa jedwali lake: haijirudii wala haibadiliki. Jina halifai kazi hiyo, maana akina Hamisi Juma wamejaa mjini. Simu nayo haifai, watu hubadili laini.

Bei inaandikwa mara mbili kwa makusudi. Iliyo kwenye Bidhaa ni ya leo. Iliyo kwenye mstari ni mliyokubaliana siku ya mauzo, nayo haiguswi tena. Fomula yako inachota bei ya leo, ndiyo maana deni la zamani linapanda. Deni lenyewe usilitengee kolamu. Lihesabu kila linapohitajika: idadi mara bei, jumlisha, toa malipo.

Hapo wengi huteleza. Mteja mwenye mistari 3 na malipo 2, ukiyaunganisha yote kwa mpigo, hutoa safu mlalo 6: kila malipo yanahesabiwa mara tatu, na kila mstari mara mbili. Deni linatoka si sahihi. Jumlisha mauzo peke yake, malipo peke yake, ndipo utoe.

Programu? SQLite au LibreOffice Base, zote za bure. Ingiza Wateja na Bidhaa kwanza, kisha ankara kumi tu za majaribio. Kwenye SQLite washa ukaguzi wa funguo kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua kanzidata, la sivyo itapokea ankara ya mteja asiyekuwapo. Simu iwe maandishi, isipoteze sifuri ya mwanzo. Shilingi ziwe namba kamili.

Katika SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, anza na SELECT (kuchagua), WHERE (sharti), JOIN (kuunganisha majedwali) na GROUP BY (kukusanya kwa makundi). UPDATE, amri ya kubadilisha taarifa, bila WHERE hubadilisha safu mlalo zote za jedwali, kwa hiyo jaribu sharti lako kwa SELECT kwanza, uone zinatoka safu mlalo ngapi. Kila jioni weka nakala kwenye flashi, na flashi hiyo isilale dukani.