Mbuna mmoja anawaua wenzake tangini

SWALI: Nilinunua samaki sita wa mapambo aina ya mbuna, wa manjano wenye mistari myeusi, nikawaweka katika tangi la kioo la lita 100. Mmoja aligeuka mweusi, akaanza kuwafukuza wenzake mchana kutwa hadi wawili wakafa mapezi yakiwa yamechanika. Nilipomtoa, mwingine naye akageuka mweusi na kushika ukali uleule. Je, niliuziwa samaki wagonjwa? – Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, samaki wako si wagonjwa. Kwa maelezo yako, hao ni Melanochromis auratus wa Ziwa Nyasa, miongoni mwa mbuna wakali kupita wote, ambao dume anayetawala huacha rangi ya manjano na kuwa mweusi mwenye mistari myeupe au ya samawati. Ukimwondoa mtawala, dume anayemfuatia hurithi eneo na rangi yake, na ndiyo maana kumtoa hakukusaidia. Ziwani, anayeshindwa hukimbilia mbali kati ya miamba, lakini ndani ya lita 100 hana pa kwenda, hivyo huendelea kushambuliwa hadi afe.

Tafuta tangi lenye urefu usiopungua sentimita 120 na ujazo wa lita 200 na zaidi. Panga mawe mengi yenye mapango hadi karibu na uso wa maji, ili samaki anayefukuzwa apotee machoni pa mbabe. Mawe hayo yakalie sakafu ya tangi kabla hujamwaga mchanga, kwa kuwa mbuna huchimba, na jiwe lililokosa msingi huweza kuporomoka na kupasua kioo. Weka dume mmoja kwa majike wanne au zaidi, pamoja na mbuna wa jamii nyingine wasiofanana naye kwa rangi, ili ukali wake usimwelemee mmoja. Kila unapoongeza samaki, badili kwanza mpangilio wa mawe, kwani mwenyeji asiyelitambua tena eneo lake hupungukiwa na sababu ya kulipigania. Wingi huo huchafua maji upesi, kwa hiyo chujio liwe na nguvu, na theluthi ya maji ibadilishwe kila wiki.

Ikiwa tangi kubwa halipatikani, nakusihi uwarudishe kwa muuzaji, wala usiwaachie mtoni au bwawani. Tangi ulilonalo litawafaa Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, samaki wasiofikia sentimita 5, ambao huishi ndani ya makombe matupu ya konokono na hugombana karibu tu na mlango wa makombe yao.