Kwa mnaoanza kushika chuma: nguvu mtapata na mashati yenu yatawaenea vilevile

Hii naandika kwa nyie mnaoanza mazoezi ya chuma sa hizi, hasa wa huku kwetu Mtwara na Lindi maana ndo ninaowaona, na swali ni lilelile kila siku, "kaka mi nataka nguvu ila sitaki kuwa baunsa, nifanyeje?" Wanauliza vijana wa bodaboda, wanauliza wavuvi wa Mikindani, mabondia wanaoogopa kupanda uzito ndo kabisa, na wadada usiseme, dada ameshika chuma cha kilo kumi jana leo anajikagua mabega kwenye kamera ya simu. Jamani mwili haujai kwa bahati mbaya. Kuna watu pale jimu wanapiga chuma masaa mawili kila jioni, wanakula trei ya mayai kwa wiki na bado wanalalamika mikono haijai, sasa wewe wa nusu saa mara tatu kwa wiki utajaa saa ngapi?

Kitu cha kwanza shika hiki: nguvu na ukubwa wa msuli vinahusiana ila sio kitu kimoja. Msuli ni nyuzi nyingi zilizopangwa makundi makundi na kila kundi lina mshipa wake wa fahamu unaolipa amri, ukinyanyua kitu chepesi yanaamka yale makundi madogo tu, yale makubwa yenye nguvu za kweli hayaamki mpaka mzigo uwe mzito au uwe umeshachoka sana. Mtu ambaye hajazoea hawezi kuyaamsha yote. Kwa hiyo wiki za mwanzo unapoona mzigo uliokushinda sasa unaondoka chini, mara nyingi msuli wenyewe bado haujaongezeka kitu cha maana, fundi cherehani akikupima mkono atapata namba ileile, kilichobadilika ni ubongo na mishipa kujua kuuamrisha msuli ulionao. Ndo maana nasema nguvu ni ufundi, unafanyia mazoezi kama unavyofanyia mazoezi kupiga penati, sio kitu cha kujichosha mpaka udondoke.

Usiniamini mimi, jaribu hapohapo ulipokaa. Mwombe mwenzio akupe vidole viwili, vibane kwa mkono mmoja kwa nguvu zako zote. Haya, pumzika kidogo, halafu rudia, ila safari hii kunja ngumi na mkono wa pili kwa nguvu, kaza tumbo kama mtu anataka kukupiga, kaza na makalio. Mwenzio ataguna. Mkono ni uleule, msuli ni uleule, ila nguvu imeongezeka kwa sababu msuli mmoja ukikazwa unasambaza mkazo kwa majirani zake. Hili lilishaandikwa zamani na Mwingereza mmoja wa mambo ya mishipa ya fahamu, Charles Sherrington, yule aliyepata Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian. Wanyanyua vyuma wanalitumia kila siku, wengine bila hata kujua jina lake.

Na ukitaka ushahidi wa mtu mdogo mwenye nguvu za kutisha tafuta habari za Naim Süleymanoğlu wa Uturuki. Urefu sentimita 147, yaani ukisimama nae kwenye foleni ya daladala unaweza usimwone. Olimpiki ya Seoul 1988 alishindana kwenye daraja la kilo 60 na akainua kilo 190 mpaka juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Mchezo ule una madaraja ya uzito kama ngumi tu, ukinenepa unapelekwa kwa wakubwa zako, kwa hiyo wale watu kazi yao yote ni kuongeza nguvu bila kuongeza kilo. Basi ukiambiwa nguvu lazima ije na miraba minne, mwambie huyo mtu hajaona michezo.

Sasa kinachojaza mwili ni nini? Ni kazi nyingi pamoja na chakula cha ziada. Seti nyingi (seti ni mfululizo mmoja wa kunyanyua kabla ya kupumzika), kila seti mara nane mpaka kumi na mbili au zaidi, pumziko fupi, msuli unawaka mpaka mkono unagoma, afu ukitoka hapo unakula kuliko unachotumia, na unalala. Ukikosa hilo la chakula hata kazi iwe nyingi hujai. Nendeni maghala ya korosho msimu ukifika, Oktoba hivi kuelekea mwisho wa mwaka, muwatazame makuli. Gunia linafika kilo 80 na anayelibeba ukimwangalia miguu unamwonea huruma, mwembamba kama fito. Anasogea, anageuza mgongo, anachuchumaa kidogo, wenzake wawili wanamtupia, unasikia "hss!" anakaza pumzi, tumbo lote linakuwa ubao, anaondoka hatua fupifupi bila kuyumba. Ile pumzi na ule mkazo ndo somo. Ila msimwige kubeba kutwa nzima, yule anatafuta hela ya kula na mgongo wake analipia, wewe unatafuta nguvu, unabeba mara chache unaenda zako.

Kwa hiyo mpango wangu kwa anayeanza ni huu, na hauna mbwembwe. Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nusu saa au zaidi kidogo ukijumlisha na kupasha mwili. Zoezi la kuinua mzigo kutoka chini, wenyewe tunaita dedilifti. Zoezi la kusukuma mzigo juu ya kichwa kwa mkono mmoja mmoja. Na kujivuta kwenye bomba au tawi la mwembe kama unaweza, kama huwezi ning'inia tu ushuke taratibu. Kila zoezi seti tatu, kila seti mara tatu mpaka tano, basi. Uzito uwe wa kwamba ukifika mara ya tano unajua kabisa mbili zaidi ungeweza. Hizo mbili usizipige, ziache. Hapa ndo wageni wengi wananigombeza, wanasema kaka mbona sijachoka, mbona sina maumivu, nimefanya nini sasa? Umefanya nguvu. Maumivu ya kesho yake sio risiti.

Pumziko ni dakika tatu, ukifika kwenye mzigo mzito kweli hata tano. Najua inachosha kusubiri, kijana anaona aibu kukaa benchi wakati wenzie wanahema, anaanza kuchomekea pushapu hamsini hapo katikati. Acha. Mishipa ya fahamu na nishati ya haraka ya msuli vinahitaji huo muda virudi, ukirudi mapema seti ya pili inakuwa mbovu na ukiendelea hivo umeshahama kwenye nguvu umeingia kwenye pampu, ule mtindo wa kujaza msuli, yaani kulekule ulikosema hutaki.

Kuhusu vifaa msinipe visingizio. Jimu za mtaani huku nyingi vyuma ni vya kuchomelea na sahani nyingine za zege, vinafaa tu, muhimu upime kwenye mizani ya dukani ujue unabeba nini maana kile kilichoandikwa "20" kwa rangi kinaweza kuwa 17 au 24. Na kama jimu ni mbali, dumu. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, likijaa mchanga mkavu ni kama kilo 32, mchanga uliolowa unasogea mpaka karibu 40. Madumu mawili ya mchanga mkavu, moja kila mkono, hiyo ni 64 na kwa mtu anayeanza sio mchezo. Kwa kusukuma juu tumia dumu la lita 5, likiwa na mchanga ni kama kilo 8, au la lita 10 ambalo linakaribia 16, na mfuniko ukaze na mpira juu yake, mchanga ukimwagikia machoni utaacha mazoezi siku hiyohiyo.

Uzuri wa dumu kuliko chuma cha jimu ni kwamba unaongeza kikombe kwa kikombe. Jimu unatoka kilo 20 unarukia 25, mwili unakataa unadhani umefika mwisho wako. Dumu unatia mchanga kikombe kimoja, ubongo hata haujui. Anza na mara tatu kwa seti, ukiwa unaziweza vizuri nenda nne, ukifika tano safi kwa seti zote tatu tia kikombe urudi mara tatu. Andika kwenye daftari, sio kichwani.

Namna ya kuinua sasa, hapa msome taratibu. Simama katikati ya madumu, visigino kwenye mstari mmoja na mishikio, miguu upana wa nyonga. Sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo, magoti yakunjike kidogo yenyewe, mgongo unyooke, usijikunje kama kamba wa baharini (ukishindwa kujua upo vipi mwambie mtu akupige picha ya pembeni). Shika mishikio uibane kama unataka kuivunja. Vuta pumzi iende tumboni, sio kifuani, kaza tumbo. Halafu usivute madumu, sukuma ardhi kwa miguu. Ukisimama wima kaza makalio, toa pumzi kidogo, shusha kwa njia uliyopandia. Weka chini kabisa. Jipange upya kabla ya mara ya pili, usidundishe. Kila mara moja ni zoezi lake. Ukiona mgongo umeanza kujikunja au dumu la kulia linatangulia la kushoto, seti imeisha hata kama ni mara ya pili.

Wenye presha hilo la kubana pumzi linapandisha presha kwa muda, na watu wazima wengi huku wanayo hawajijui, kwa hiyo kapime zahanati kwanza, ni dakika chache tu, na kama ipo juu ongea na daktari kabla hujagusa mzigo mzito. Mjamzito hivohivo. Na maumivu ya kuchoma kwenye kiungo sio ya kuvumilia, ni ya kuacha.

Chakula. Ugali wa muhogo unashibisha ila protini yake kidogo sana, ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, nayo ni utamu na wanga tu, kwa hiyo pembeni pawe na kunde, mbaazi, dagaa, samaki, yai, kitu katika hivyo kila mlo. Samaki tunao jamani, tunaishi pwani. Poda za makopo za bei ya kodi ya nyumba sio lazima. Afu korosho, hapa nitachukiwa: korosho ni nzuri, ila gramu 100 tu zina karibu kalori 550, na sisi watu wa kusini tunatafuna huku tunapiga stori, bakuli linaisha hujui. Yule dada anayesema chuma kimemnenepesha, tukianza kuhesabu vizuri mara nyingi tunakuta ni korosho na soda, chuma kinasingiziwa. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kama unapanda na hutaki kupanda punguza sahani, usipunguze mazoezi. Dada zangu na homoni zenu pia haziwaruhusu kutanuka kirahisi kama wanaume, msihangaike na hilo.

Joto la huku mnalijua, kuanzia Novemba saa nane mchana ni adhabu, kwa hiyo alfajiri au jioni jua likishalala, na uwe na kitambaa kikavu cha kufuta viganja maana jasho linateleza na mshiko ndo kila kitu. Ramadhani msiache kabisa, mazoezi haya ni mafupi, yanavumilika: fanya baada ya tarawehe ukiwa umeshakula na kunywa, au nusu saa kabla ya futari kwa seti mbili badala ya tatu na uzito uleule, usiongeze chochote mwezi huo, ukitoka Idi unaendelea ulipoishia.

Siku ambazo hamna chuma tembea, cheza mpira, ogelea, nenda uwanja wa mpira wa Nangwanda au Ilulu ukazunguke kama milango ipo wazi, ila usilale tu. Mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha au kuli aliyeshusha lori siku hiyo haongezi dedilifti, mgongo umeshafanya kazi, anasukuma juu na kujivuta tu.

Na siku itakuja utakwama. Wiki mbili tatu uzito uleule, dumu halitaki kikombe kipya. Wengi hapo wanaongeza seti, wanaongeza siku, wanakunywa vitu. Wewe shusha mzigo mpaka kama asilimia 80 ya ulipokwamia, anza tena mara tatu kwa seti, panda polepole kwa vikombe vilevile, na ukifika pale palipokushinda mara nyingi utapapita, ukikwama tena juu zaidi unashusha tena hivohivo.