Presha ya Mama, Chungu cha Nyumba Nzima

Ukianza kazi kwenye dispensari ya Kisauni au Likoni, mitaa ya Mombasa, utamwona mama wa presha anayerudi kila mwezi na kipimo kilekile. Dawa anameza, na ukimwambia apunguze chumvi anaitikia "inshallah". Usikimbilie kumwongezea kidonge. Muulize kwanza nani anapika. Mara nyingi ni mkazamwana, na chungu ni kimoja kwa watu wanane.

Kumtibu mgonjwa pamoja na nyumba yake kunaanzia hapo: nani anapika, nani ananunua dawa, nani anaamua mtu apelekwe hospitali. Ni nadra kuwa mtu mmoja. Chora ukoo ndani ya faili: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, vizazi vitatu, mshale kwa mgonjwa, kisha zungushia mstari wanaokula pamoja. Usiung'ang'anie uishe siku ya kwanza. Mambo ya nyumbani hayamwagwi mbele ya mgeni.

Wageni wengi wa kazi hii hukosea kwa kuongea na msindikizaji. Kijana akimleta mamake mgonjwa, shikamoo ianze kwa mama, na maswali umuulize yeye. Kisha watoe wengine nje dakika chache. Fanya hivyo kwa kila mgonjwa, iwe ndiyo kawaida ya chumba, asije mtu akadhani ametiliwa shaka. Faraghani muulize: "Nimweleze nani, na lipi nisilitaje?" Andika jibu. Habari ya virusi vya Ukimwi, mimba au kupigwa haitoki humo bila idhini yake.

Akikubali, mwite mpishi. Kwa mtu mzima chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani isijae kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya mchuzi. Maneno matupu hayasaidii: apime asubuhi chumvi ya siku nzima kwenye kibakuli, achote humo tu. Ladha ataitafuta kwa ndimu na ukwaju. Na ulizia achari! Hiyo husahauliwa na kila mtu, daktari pia.

Mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga Ramadhani, kaa naye pamoja na wa nyumbani kabla Shaaban haijaisha, hasa akiwa anadunga insulini. Saa za dawa zipangwe upya, asizihamishe mwenyewe. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo afungue papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana ya Magharibi. Anayeshinda naye ajue dalili: jasho, kutetemeka, maneno kuparaganyika. Ampe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, wapime tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali.