Kabla ya Kushika Geji, Uliza Joto Linaelekea Wapi

Vijana wengi wanaokuja kujifunza kazi ya viyoyozi hapa Arusha hutokea kwenye friji, na friji huwazoesha jambo moja ambalo baadaye huwatesa, yaani kwamba upande wa baridi ni wa baridi siku zote. Kiyoyozi cha baridi na joto, ambacho kitaalamu huitwa pampu ya joto, hakina upande wa kudumu. Mchana wa Januari kule Moshi, koili ya ndani, yaani mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita, hunyonya joto la chumba na koili ya nje hulitupa uani. Alfajiri ya Julai huku Ngaramtoni, koili hizo hizo hubadilishana kazi.

Mashine hii hailitengenezi joto kama hita ya waya, bali hulihamisha. Hita ya kilowati 2 hula uniti 2 kwa saa na kukupa joto la kiasi hicho hicho, basi. Pampu ya joto iliyofungwa vizuri, kwa hali ya hewa yetu, hutoa joto hilo kwa uniti 1 au pungufu, kwa kuwa sehemu kubwa imechotwa kwenye hewa ya nje. Mteja atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, hewa ya nyuzi 10 ina joto gani la kuchotwa. Mweleze habari za gesi yenyewe: R32 ikiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri, na ndani ya mashine presha hushushwa kiasi cha kuifanya ichemke kwenye nyuzi zilizo chini kidogo ya zile za hewa inayoizunguka koili. Kinachochemka hunyonya joto, hata kama hewa hiyo inakutetemesha wewe. Kompresa huubana mvuke huo mpaka uwe wa moto, kisha mvuke huenda kwenye koili ya ndani, hugeuka kimiminika na kuliachia joto chumbani. Kimiminika hicho kikipita kwenye vali nyembamba presha hushuka, na mzunguko huanza upya.

Kinachogeuza mwelekeo ni vali ya njia nne, kipande cha shaba kilicho jirani na kompresa, chenye bomba moja upande mmoja na matatu upande wa pili. Katika mashine nyingi tunazozifunga, vali hiyo ikikosa umeme hukaa kwenye baridi, na hupewa umeme pale tu joto linapotakiwa. Inapohama utasikia pumzi fupi na nzito, kama ya tairi linalotolewa upepo. Jizoezeni kuisikiliza.

Mimi nililipia somo hilo katika mwaka wangu wa kwanza. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mashine ya gesi ya R410A inapasha chumba, nami nikafunga geji ya buluu, ile ya presha ndogo, kwenye bomba nene kama nilivyozoea, nikitarajia mshale usimame karibu na psi 120. Mshale uliruka ukapita 350, na mpira wa geji, ambao ulikuwa umeshachoka, ukapasuka. Fundi wangu alizima swichi, akaniangalia vidole, kisha akaniuliza swali moja tu: "Joto lilikuwa linaelekea wapi?" Mashine inapopasha, bomba nene ndilo linalobeba gesi ya presha kubwa kutoka kwenye kompresa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka kuifungia gesi kwenye boksi la nje ili uihamishe mashine, iweke kwanza kwenye baridi, hata kama chumba chenyewe kina baridi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani havilitaji. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo unapovuta hewa kwenye mabomba mshale hautafika inchi 30 za zebaki. Utasimama karibu na 25, na Moshi karibu na 27, kwa kuwa geji hupima tofauti na hewa iliyopo mahali ulipo. Nimemwona kijana hodari aliyejifunzia Dar es Salaam akitafuta uvujaji ambao haukuwepo tangu asubuhi hadi alasiri. Tumieni geji ya mikroni, ambayo haitegemei hewa ya mahali ulipo, shusheni hadi mikroni 500, fungeni vali, kisha mwangalie kama inatulia.

Mwisho ni barafu. Mteja mmoja wa Ngaramtoni alinipigia simu alfajiri akisema boksi la nje linatoa moshi na ndani feni imekufa. Nilimwomba asubiri dakika chache bila kugusa rimoti, na feni ikarudi yenyewe. Koili ya nje ilikuwa imeganda, mashine ikageuza mwelekeo kwa muda ili kuyeyusha barafu, na "moshi" ulikuwa mvuke wa maji. Hata hivyo nilikwenda, kwa sababu kuganda mara kwa mara kwenye nyuzi 9 au 10 si kawaida. Nilikuta koili imezibwa na vumbi la barabara ya changarawe, hewa haipiti. Niliiosha kwa brashi laini na maji ya taratibu, nikaelekeza maji yanayodondoka mbali na msingi wa nyumba, na nikamtoza bei ya kuosha tu.