Pesa ni zako, laini ni ya mume: historia ya miamala ni ya nani?

SWALI: Nipo Mwanza, nauza dagaa wa kukaanga na wa kukausha, nawafunga kwenye pakiti. Oda nyingi napata WhatsApp na Instagram, natuma kwa basi hadi Dodoma na Dar. Wateja wananilipa kwa M-Pesa kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume wangu, maana wakati ule wa alama za vidole namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka. Mwezi uliopita niliomba mkopo wa milioni mbili nikaambiwa nilete taarifa ya miamala ya miezi sita yenye jina langu. Namba hiyo nimeichapisha hadi kwenye pakiti. Nikibadilisha laini si nitapoteza wateja? Na Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ina faida kwa mtu wa mtaji mdogo kama mimi?

JIBU: Pole kwa kurudishwa, dada yangu. Kabla laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa Januari 20, 2020, kina mama wengi walifanya kama ulivyofanya wewe, na wengi wamekaa hivyo hadi leo kwa kuwa simu inaita na pesa inaingia. Mkopo ndio unaofichua tatizo. Anayekopesha kwa kuangalia miamala hajui nani aliamka alfajiri kwenda mwaloni kununua dagaa. Anaona jina tu, na jina hilo ni la mumeo. Kila mteja anayekulipa leo anamjengea sifa ya kukopesheka mtu mwingine, hata kama mtu huyo unampenda na mnakula sahani moja.

Kuhusu wateja, usiogope. Namba ya kuwasiliana na namba ya kupokea pesa si lazima ziwe moja. Chukua laini mpya kwa NIDA yako na alama zako mwenyewe, kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuanzia siku hiyo malipo yote yaelekeze huko. Namba iliyopo kwenye pakiti iendelee kupokea simu na meseji mpaka hizo pakiti ziishe. Ukichapisha nyingine, weka mpya.

Ila WhatsApp usiiache kwenye laini ya zamani moja kwa moja. Simu ikiibiwa, mwenye haki ya kurudishiwa laini hiyo dukani ni aliyeisajili. Akiwa safarini, biashara inasimama hadi arudi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna sehemu ya kubadilisha namba: inahamisha akaunti pamoja na magrupu, na unaweza kuchagua watu watakaojulishwa. Fanya hivyo laini zote mbili zikiwa hewani, kisha weka namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukitaka kutenganisha ya nyumbani na ya biashara, WhatsApp Business ni bure na inakaa kwenye simu moja na ile ya kawaida, mradi kila moja ina namba yake.

Kuna njia ya kubadilisha umiliki wa laini ya zamani, mkienda wote wawili dukani. Ni nzuri kwa kuilinda namba. Ila miezi iliyopita ilikuwa chini ya jina lake, kwa hiyo usitegemee kwamba itasomeka kama yako. Hesabu miezi sita kuanzia leo.

Sasa Lipa Namba. Nakushauri uichukue hata kama unauza pakiti kumi kwa siku. Mteja anaona jina la biashara kabla hajathibitisha, na kwa mtu wa Dodoma asiyewahi kukuona hilo lina uzito. Siku hizi hata wa mtandao mwingine au mwenye akaunti ya benki anaweza kukulipa humo. Kubwa zaidi, mauzo yanakaa peke yake. Nimesoma taarifa nyingi za miamala za kina mama, na kinachowaangusha mara nyingi si udogo wa mauzo. Laki mbili inaingia asubuhi, mchana imeshatoka: ada ya mtoto, kikoba, vocha, mchango wa harusi. Mkopeshaji haoni biashara hapo, anaona njia ya kupita pesa. Jilipe siku moja kwa wiki, kiasi kilekile, kutoka Lipa Namba kwenda laini yako binafsi. Matumizi ya nyumbani yatoke huko tu. Kabla ya kujisajili, uliza makato ya kutoa pesa na ya kuhamisha, uyaingize kwenye bei ya pakiti pamoja na nauli ya basi. Na mteja akikutumia picha ya meseji ya malipo, mzigo usiondoke mpaka uone salio lako mwenyewe.

Hiyo miezi sita ni mirefu, najua, na hapo ndipo mtu huingia kwenye kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa inayomkamua mkopaji. Nakuomba sana usipakue programu ya mkopo usiyoijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali chake. Zipo zinazotaka ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja wanapigiwa wateja wako, mkweo, hata mwalimu wa mtoto. Kwa biashara inayosimama juu ya kuaminiwa, hasara hiyo inazidi riba. Badala yake muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kuhusu mkopo wa halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa, asilimia 4 ni ya wanawake, na haina riba. Mkopo huo hupita kwenye kikundi, kwa hiyo kikoba chenu kinaweza kuwa mwanzo.

Mume mwambie mapema, kabla hujaenda dukani. Mfungulie daftari, mwoneshe mkopo ulikwama wapi. Wengi hawajui kabisa kwamba jina lao ndilo lililozuia.

Jambo ambalo hukuliuliza: chakula cha kufungasha kinahitaji alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Pitia SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho, maana kwa mjasiriamali mdogo gharama ya alama hiyo inabebwa na serikali miaka mitatu ya mwanzo. TIN, yaani namba ya mlipakodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA), nayo haina ada. Vifuatilie wakati miezi sita inahesabika, na pakiti mpya usizichapishe kabla alama haijatoka, usije ukalipia uchapaji mara mbili.