Daktari Anajibu: Ugonjwa wa Kusinzia na Dawa Zisizo na Mwisho

Tangu tulipochapisha makala kuhusu nakolepsia, yaani ugonjwa unaomfanya mtu alemewe na usingizi mchana hata kama amelala usiku kucha, barua nyingi zilizotufikia haziulizi tena ugonjwa huo ni nini. Zinauliza dawa zake zitamezwa hadi lini na zitaufanyia mwili nini. Tunajibu baadhi yake hapa, na tumefupisha pale barua ilipokuwa ndefu.

*Daktari, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilianza kusinzia nikiwa kidato cha tatu, na baada ya miaka mingi ya kuitwa mvivu nilipimwa usingizi nikaambiwa nina nakolepsia. Huu ni mwaka wa tatu ninameza modafinili miligramu 200 kila asubuhi. Mama mkwe anasema nimekuwa mraibu. Baba yangu anashikilia kwamba haya ni malale, na kwamba nilipaswa kutibiwa mara moja nikapona. Je, nitaimeza dawa hii maisha yote? Mwili hautaizoea? Na ninaweza kuiacha wakati wa likizo? — Mwalimu, Bombo*

Mwalimu, nianze na baba, kwa sababu hofu yake ina historia. Kati ya mwaka 1900 na 1906 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huo. Hata hivyo malale huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Huanza na homa, kuumwa kichwa na kuvimba tezi, kisha huvuruga akili na kugeuza usiku kuwa mchana, na mgonjwa asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Mtu aliyesinzia tangu ujana wake bila homa, akasoma, akahitimu na sasa anafundisha, hana sura ya mgonjwa wa malale. Kama hukuwahi kupimwa damu kwa ajili hiyo na umeishi katika maeneo yenye mbung'o, pimwa, baba aridhike.

Chanzo cha nakolepsia kiko kwingine. Katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi kuna seli chache zinazotengeneza kemikali ya oreksini, ambayo iligunduliwa mwaka 1998 na ambayo kazi yake ni kuushikilia uchangamfu usikatike. Miaka miwili baadaye ilibainika kwamba wagonjwa wa nakolepsia, hasa wale ambao misuli yao hulegea ghafla wanapocheka au kukasirika, wamepoteza karibu seli zote hizo. Inaaminika kwamba kinga ya mwili wenyewe ndiyo iliyozishambulia, na zikishakufa hazirudi. Modafinili haizirudishi. Inauchochea ubongo kwa njia nyingine, hasa kwa kuzuia kemikali ya dopamini isifyonzwe upesi, na siku isipomezwa usingizi hurudi palepale ulipokuwa. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: kwa dawa zilizopo leo, wagonjwa wengi hutibiwa kwa miaka na miaka. Zipo dawa mpya zinazoiga oreksini yenyewe ambazo zimekuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa, na mojawapo ilisimamishwa mwaka 2021 kwa sababu ya kudhuru ini. Ni matumaini ya kweli, lakini si ya kumfanya mtu aache kidonge alicho nacho.

Mama mkwe aelezwe kwa heshima. Anayevaa miwani kila siku haitwi mraibu wa miwani. Mraibu hujiongezea dozi bila kumwambia daktari, huitafuta dawa kwa ajili ya raha, na huendelea nayo hata inapomharibia kazi na nyumba. Wewe unameza dozi ileile ili uweze kusimama mbele ya darasa. Nisifiche kwamba dawa za kundi hili hazilingani. Amfetamini, ambazo zilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka 1935, na methilifenideti zina hatari kubwa zaidi ya uraibu, na ndiyo maana zinadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971. Modafinili ina hatari ndogo, ingawa si sifuri.

Kuhusu kuzoeleka, wagonjwa waliofuatiliwa kwa wiki 40 wakiwa kwenye modafinili waliendelea kunufaika nayo. Ukiona baada ya miaka dawa haikuamshi kama zamani, usikimbilie kidonge cha pili. Mara nyingi kilichobadilika ni usiku wako: mtoto mchanga ndani ya nyumba, kusahihisha mitihani hadi saa saba, kunenepa na kuanza kukoroma, au kahawa ya jioni. Daktari aulize hayo kwanza ndipo afikirie dozi, ambayo kwa kawaida haizidi miligramu 400 kwa siku.

Unachopaswa kudai kila baada ya miezi sita ni kupimwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kupimwa uzito, na kuulizwa kuhusu hali ya moyo wako kwa maana ya wasiwasi, hasira na kukosa raha. Kabla ya hapo, kama hukuwahi kusikilizwa moyo kwa kipimo, nenda ukasikilizwe, kwa sababu hapa kwetu watu wengi hutembea na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni bila kujua, na wenye tatizo hilo wanahitaji tahadhari na dawa zote za kuchangamsha. Figo usizihofie sana. Dawa hii huvunjwa na ini, na mwenye ini lililodhoofika vibaya hupewa nusu ya dozi. Ukitokwa na vipele pamoja na homa au vidonda vya mdomoni, acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali.

Likizo sasa. Kuruka modafinili siku za utulivu nyumbani hakuleti mateso ya kuachishwa. Kutakuletea usingizi tu, na wako wanaofanya hivyo kwa makubaliano na daktari wao. Siku hizo usipande pikipiki kama dereva, usipikie kwenye moto ukiwa peke yako, usiogelee. Ruhusa hii haihusu dawa za kuzuia kulegea kwa misuli, ambazo nitazieleza katika barua inayofuata.

*Daktari, nina nakolepsia na misuli hunilegea nikicheka sana, hata nimewahi kuanguka sokoni. Ninatumia modafinili asubuhi pamoja na venlafaksini. Nina kipandikizi cha uzazi wa mpango mkononi, na muuguzi mmoja ameniambia kwamba vidonge vyangu vinakiua nguvu. Ni kweli? Nasi tungependa mtoto wa pili mwakani. — Mama wa mtoto mmoja, Jinja*

Dada yangu, muuguzi huyo ashukuriwe, kwa sababu jambo hili husahauliwa hata na sisi tunaoandika dawa. Modafinili huliharakisha ini katika kuvunja homoni, hivyo vidonge vya majira na kipandikizi vinaweza kushindwa kazi wakati wote unapoitumia na kwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya kuiacha. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakiguswi na tatizo hilo. Kama hukitaki, ongeza kondomu kuanzia leo, wala usingoje miadi. Ukiwa unatumia dawa nyingine yoyote ya kila siku, zikiwemo za kifafa, za kuzuia damu kuganda au za virusi vya Ukimwi, mpe daktari orodha nzima, maana ini hilohilo linazishughulikia nazo.

Kuhusu ujauzito, msimamo wangu hauna shaka: modafinili isitumike. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Kanada, na za nchi nyingine, zilitoa onyo baada ya takwimu za wajawazito kuonyesha watoto wengi kuliko kawaida wakizaliwa na kasoro za maumbile. Mpango wa mtoto basi uanze miezi kadhaa kabla. Mwone daktari pamoja na mumeo, mpange tarehe ya kuacha modafinili, uanze vidonge vya foliki asidi, na mkubaliane nani atafanya nini nyumbani wakati wewe utakapokuwa ukilala mchana mara mbili au tatu, kwa sababu utalazimika kulala. Wanaume wengi huambiwa habari hii mwisho, kisha wanashangaa kwa nini chakula hakijaiva. Ukigundua tayari una mimba huku unameza dawa, mpigie daktari siku hiyo.

Venlafaksini, dawa yako ya kuzuia kulegea kwa misuli, ni habari tofauti. Ukiiacha kwa ghafla, kulegea kwa misuli kunaweza kurudi kwa kishindo na kujirudia kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, mtu akiwa chini na akili zake timamu lakini hawezi kuinua kichwa. Kuiendeleza au kuipunguza polepole wakati wa ujauzito ni uamuzi wa kupima faida na madhara, na unategemea kulegea kwako ni kukali kiasi gani. Mkunga naye ajue mapema, ili ukilegea katika chumba cha kujifungulia asidhani ni kifafa cha mimba.

*Ramadhani inakaribia. Nifunge, ilhali ninameza modafinili saa mbili asubuhi? — Msomaji, Arua*

Wengi wanaweza. Imeze wakati wa daku, kabla ya alfajiri. Dawa hii huchukua saa 12 hadi 15 kupungua nusu katika damu, kwa hiyo dozi moja hukufikisha jioni. Kinachowaangusha wafungaji wenye ugonjwa huu ni usiku uliokatwa vipande na tarawehe na daku, basi kailula baada ya adhuhuri isikosekane, hata kama ni dakika 20. Mwenye methilifenideti ya kawaida, inayofanya kazi kwa takriban saa nne tu, azungumze na daktari na pia na shehe wake kabla ya mwezi kuandama.

*Binamu yangu aliye Boston anatumia sodiamu oksibeti usiku na imemsaidia sana. Yuko tayari kunitumia. — Msomaji, Kampala*

Asikutumie. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, inasaidia kweli, lakini hata huko hutolewa chini ya masharti makali kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji, na ikikutana na waragi inaweza kuua. Aina ya awali pia ina chumvi nyingi, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu.

*Mimi ni dereva wa lori kati ya Malaba na Elegu. Sijapimwa ugonjwa wowote, ila usingizi hunizidi nguvu barabarani. Wenzangu hutafuna mairungi, wengine wamepata vidonge vya modafinili. Nikivitumia kila siku kwa miaka vitanidhuru? — Dereva*

Ndugu dereva, umeruka hatua. Dawa ya miaka mingi hupewa mtu ambaye ugonjwa wake umejulikana, na wewe bado hujui kinachokusinzisha. Je, unalala saa ngapi kwa siku? Kama ni nne, unalohitaji ni kulala, na hakuna kidonge kinacholipa deni hilo. Kitakufungua macho huku uamuzi wako ukibaki wa mtu mchovu. Kama unalala saa saba na bado unasinzia, muulize mkeo au turniboi kama unakoroma na kunyamaza ghafla kama aliyekabwa. Kukatika pumzi usingizini ni kwa kawaida zaidi kuliko nakolepsia, hasa kwa mwanaume mnene mwenye shingo nene anayekaa kitini kutwa, na hutibiwa kwa kupunguza uzito na kwa mashine ya kusukuma hewa puani usiku. Modafinili ikitangulia itaifunika dalili huku shinikizo la damu likipanda.

Pimwa. Hadi hapo, unaposinzia, egesha lori. Najua bosi anapiga simu.

*Binti yangu ana miaka 14, anatumia methilifenideti kwa nakolepsia, na muhula ujao anaanza shule ya bweni ng'ambo ya mpaka, Kenya. Dawa aishike yeye? — Mzazi, Busia*

Hapana, Mama, au Baba, kwani hukusema. Zishikwe na muuguzi wa shule, zifungiwe kwenye kabati na zihesabiwe, maana wanafunzi wakisikia kuna kidonge cha kukesha kabla ya mtihani hazitabaki. Binti ajue dozi yake mwenyewe na saa zake ili muuguzi akisahau amkumbushe. Ameze baada ya kifungua kinywa na si kabla, kwa sababu dawa hii huua hamu ya kula, na kila likizo apimwe urefu na uzito. Akikonda au akisimama kukua, daktari atabadilisha mpango. Omba kwa maandishi aruhusiwe kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, na mwalimu wa darasa ajulishwe kwamba kusinzia kwake si utovu wa adabu, kwa kuwa wapo walimu ambao bado huwaamsha kwa fimbo.

Mpakani, abebe vidonge katika chupa yake ya famasi yenye jina lake, pamoja na barua ya daktari yenye muhuri inayotaja dawa, dozi na idadi ya vidonge, na visizidi vya muhula. Weka nakala moja nyumbani, nyingine kwa muuguzi. Nunua katika famasi iliyosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na uagize wiki mbili kabla ya kwisha, kwa kuwa dawa hizi hazikai kwenye rafu za kila duka na famasi nyingi hulazimika kuziagiza.