Duara la wazi kwenye agari halipimi nguvu ya bandeji

Swali: Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza bandeji ya vidonda yenye asali ya Tabora. Tuliweka vipande kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea bakteria) iliyopakwa Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda. Yetu ilitoa duara la wazi, yaani eneo ambalo bakteria hawakuota, la milimita 18, na bandeji ya dukani yenye madini ya fedha milimita 2 tu. Je, tuandike kwamba yetu ina nguvu zaidi?

Jibu: Hapana, msiandike hivyo. Duara linaonyesha zaidi jinsi dawa inavyosambaa kwenye agari. Asali huyeyuka na kusambaa upesi, ilhali ayoni za fedha hunaswa na kloridi na protini za agari kabla hazijafika mbali. Tena bandeji nyingine zimeundwa makusudi ili dawa ibaki humo humo.

Kinachotakiwa ni kuhesabu bakteria walio hai. Lowesheni kipande cha bandeji kwa mililita chache za majimaji yenye idadi inayojulikana ya bakteria, tuseme milioni 1 kwa jumla, na kingine kisicho na asali kiwe cha kulinganishia. Viacheni kwenye nyuzi joto 37 kwa saa 24, kisha vitikiseni ndani ya kimiminika, mzimue (mwongeze maji ili kipungue ukali) na kuotesha. Wakibaki 100, mmewapunguza mara 10,000, ambayo huitwa logi 4, yaani asilimia 99.99. Asilimia 99 inasikika kubwa, lakini katika milioni inaacha 10,000.

Hapo ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Sampuli yangu ya iodini ilitoa sahani safi kabisa, tukafurahi. Tuliporudia tukiwa na sodiamu thayosalfeti ndani ya kimiminika, sahani zilijaa koloni za manjano, yaani vikundi vya bakteria walioota. Iodini ilikuwa imeendelea kuua ndani ya chupa na juu ya agari, baada ya saa zetu kwisha. Kwa hiyo dawa izimwe, yaani izuiwe kuendelea kuua, kabla ya kuhesabu: fedha kwa sodiamu thayoglaikoleti, haidrojeni peroksaidi ya asali kwa kimeng'enya cha katalesi, na sukari yake kwa kuzimua vya kutosha. Hakikisheni uzimaji wenyewe: tieni bakteria wapatao 100 kwenye kimiminika chenye bandeji na kizimaji, wasipoota kama wanavyoota kwenye maji ya kawaida ya maabara, matokeo yenu hayana thamani.

Msitumie maji matupu kulowesha. Kidonda kina protini, na protini hudhoofisha dawa nyingi. Nusu seramu ya ndama (majimaji ya damu yasiyo na chembe) na nusu maji ya peptoni (protini iliyovunjwavunjwa) hukaribia hali hiyo. Rudieni kipimo kwa Pseudomonas aeruginosa pia, bakteria mwingine wa vidonda, na kama mgonjwa atakaa na bandeji siku 3, tieni bakteria wapya kila siku kwa siku 3.

Pimeni bandeji iliyokwisha kutakaswa. Joto la otoklevu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, huharibu kimeng'enya kinachotoa peroksaidi, ndiyo maana asali ya tiba hutakaswa kwa mionzi ya gama. Na mapema, kabla hamjatumia pesa nyingi, fanyeni kipimo cha seli kwa ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima kama kifaa cha tiba ni sumu kwa seli: seli hai zikishuka chini ya asilimia 70, bandeji inaweza kuumiza nyama changa inayojaribu kuziba kidonda.